Dira Ilivyofika Mara

Ndugu msomaji, katika lugha yetu neno dira limepanda cheo. Zamani lilikuwa neno la mabaharia: kile chombo chenye sindano ambacho nahodha hukitazama apate kujua kaskazini ni wapi. Leo Taifa zima lina dira. Tulikuwa na Dira ya Maendeleo ya 2025, na mwaka huo huo wa 2025 ikazinduliwa ya 2050. Makampuni yana dira, na shule zimeiandika ukutani kwa rangi. Vijana wenzangu wa hapa Musoma nao wanayo, kwenye simu. Mwulize mmoja wao njia, atakuzungushia simu mbele ya uso na kukwambia, "Mimi sipotei bwana, dira ninayo humu."

Neno hilo ndilo lililonitia kazini. Mimi nimemaliza sekondari, na usiku, shughuli za kutafuta riziki zikiisha, naandika riwaya. Mhusika wangu ni mvuvi wa dagaa, naye inambidi arudi nchi kavu usiku wa giza, taa ya karabai imezimika na mwezi hakuna. Nilipofika hapo kalamu ikagoma. Je, mtu huyu anatazama nini? Anajuaje Musoma iko upande gani? Nikiandika tu kwamba "alifuata dira" nitakuwa sijamwambia msomaji kitu. Basi riwaya nikaiweka kando kwanza, nikaanza kufuatilia habari za dira yenyewe: ilitoka wapi, iliingiaje katika ziwa letu, na leo imejibana vipi ndani ya simu. Niliyoyapata nayaleta kwako. Kwa kifupi ni kwamba tangu dira ifike katika nchi hii haijawahi kufanya kazi peke yake. Kila mara imehitaji mwenyeji wa kuisahihisha, na pale mwenyeji alipopuuzwa, watu waliumia.

Tuanzie mbali kidogo. Wachina ndio waliotangulia kuandika habari za sindano ya sumaku. Mwaka 1088 mtaalamu wao Shen Kuo aliandika kwamba sindano iliyosuguliwa kwa jiwe la sumaku huelekea kusini, lakini si kusini barabara. Huenda kando kidogo. Tafadhali likumbuke jambo hilo la "kando kidogo", maana tutalirudia. Wao walihesabu kusini, sisi tumezoea kaskazini, lakini sindano ni ile ile na ncha zake ni mbili.

Katika Bahari ya Hindi dira ilitumiwa na manahodha wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili. Aliyetuachia maandishi mengi ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba ya Uajemi, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490. Ibn Majid aliugawa mduara wa dira katika sehemu 32, na sehemu hizo zilitajwa kwa nyota zinapochomoza na zinapotua. Yaani hata fundi mkubwa kama huyo hakuiacha sindano itembee bila nyota kuisindikiza. Zaidi ya hayo aliandika habari za rangi ya maji, za ndege, za nyoka wa baharini, kwa sababu vitu hivyo humwambia nahodha kwamba nchi kavu i karibu. Sindano haijui nchi kavu.

Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498, merikebu zake zilikuwa na dira. Hata hivyo alikaa akangoja mpaka apewe rubani anayeijua njia ya India. Alipompata, aling'oa nanga tarehe 24 Aprili na kufika pwani ya India tarehe 20 Mei. Watu wengi husema rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali, na wapo wanaosema alikuwa Mgujarati. Kwangu mimi jina lake si kitu. Ninachoona ni kwamba Mreno mwenye dira alisimama mlangoni kwa watu akabisha hodi.

Je, wakati huo huku kwetu Mara watu walijiongozaje? Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waruri, Waikizu, Wakuria na wengineo hawakuwa na sindano, lakini hawakuwa wakitangatanga. Nilikwenda mwaloni Mwigobero nikamkuta mzee mmoja aliyevua tangu ujana wake. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," nikaketi. Nikamwuliza, usiku wa giza, mlima hauonekani, mwaijuaje njia ya nyumbani? Akacheka. Akasema, "Wewe shavu huna?"

Maana yake niliielewa baada ya kueleweshwa. Ziwa na nchi kavu haviwi moto wala baridi kwa mwendo mmoja. Mchana ardhi hupata moto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku ardhi hupoa upesi, na upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Sisi tuko pwani ya mashariki ya ziwa. Kwa hiyo usiku uliotulia upepo hutoka mashariki na kuwasukuma wavuvi kwenda kuvua, na mchana huwarudisha. Mvuvi anayerudi alfajiri huupokea upepo usoni. Ukimpiga shavuni ajue amepinda. Hiyo ndiyo dira ya shavu. Lakini mzee huyo huyo hakunificha ubaya wake: "Siku ya tufani upepo ni kichaa, usimsikilize kichaa."

Mchana walikuwa na milima. Mlima Majita unaonekana kutoka mbali sana majini, na mtu anayeujua anajua mahali alipo kwa jinsi mabega yake yanavyobadilika. Jua nalo lilikuwepo, ingawa kwa sisi tulio karibu na ikweta jua lina hila. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya humfundisha mtu kwamba saa sita mchana jua liko kusini. Musoma iko nyuzi 1 na nusu tu kusini ya ikweta. Hapa kwetu mwezi Juni jua la saa sita liko kaskazini, na mwezi Desemba liko kusini. Kijana akikariri kitabu cha Ulaya, mwezi Juni atakwenda kinyume kabisa. Hata ile nyota ya kaskazini wanayoisifu, hapa haionekani kwa manufaa, imelala kwenye upeo.

Dira ya sindano iliingia ziwani na wageni wa biashara na wa safari. Miaka ya 1870 mfanyabiashara aliyeitwa Songoro alikuwa akijenga jahazi Ukerewe, jahazi la mtindo wa pwani juu ya maji yasiyo na chumvi. Na tarehe 8 Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, upande wa Mwanza, kwa mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Alipita Ghuba ya Speke, akazunguka Majita, akapanda pwani hii yetu ya mashariki mpaka Buganda, akarudi Kageyi tarehe 5 Mei. Siku 57 zilimtosha kuthibitisha kwamba ziwa hili ni moja, si maziwa kadhaa kama wengine walivyodai kule London. Kila alipopita alipima kwa dira: kisiwa kile kiko nyuzi ngapi, mlima ule nyuzi ngapi. Lakini nani alimwambia kile kisiwa kinaitwaje? Sindano haikumwambia jina hata moja. Majina yote ya kwetu yaliyomo katika ramani yake yalitoka vinywani mwa wenyeji na wasafiri wenzake weusi, mengine yakiwa yamepondwapondwa.

Hapo sasa tunafika mahali ambapo dira ilifanya kazi bila mwenyeji. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi hizi. Walichora mpaka kutoka mdomo wa Mto Umba kule pwani, ukazunguka Kilimanjaro, halafu ukanyooka moja kwa moja hadi pale ambapo latitudo ya nyuzi 1 kusini inakata ufuko wa mashariki wa ziwa. Tarehe 1 Julai 1890 wakauendeleza kuvuka maji, ukifuata latitudo hiyo hiyo. Wakati wanauchora walikuwa huko Ulaya, mezani. Tume ya mipaka ilikuja kuupima ardhini kati ya 1904 na 1906, na vipimo vyake vilikuwa vya kitaalamu. Mstari ulinyooka kweli kweli. Tatizo ni kwamba ulipita katikati ya Wakuria. Mpaka leo Sirari iko huku na Isebania iko kule, na ukoo mmoja una vitambulisho vya mataifa mawili. Jirani anakwenda kumzika shangazi yake "nje ya nchi". Sisemi dira ndiyo mkosaji. Sindano haina dhambi. Nasema kwamba mtu akiwa na mwelekeo sahihi na asiwe na habari za nchi, anaweza kukosea kwa usahihi mkubwa.

Mfano wa pili ni wa majini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walizitia mizinga meli zao za ziwani, mojawapo ikiwa Sybil. Mwaka huo huo Sybil iligonga mwamba huko Majita, nchi ya Mjerumani wakati huo, ikabidi ipandishwe ufukweni na kuachwa, hadi mwaka 1915 walipokuja kuiopoa. Mwamba wenyewe haukuwamo katika ramani yao. Meli ya chuma, yenye dira na manahodha waliosomea, ilishindwa na jiwe. Sidhani kama mvuvi wa Majita alihitaji ramani ili aujue mwamba wa mbele ya kijiji chake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika vita nani angemwuliza mvuvi?

Turudi nchi kavu, kwa miguu. Mwaka 1934 kijana Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, hapa Musoma. Habari zake hutaja maili 26, kama kilomita 42. Nilichukua ramani nikapima. Kwa mstari ulionyooka kutoka Butiama hadi Musoma ni karibu kilomita 35 tu, na mwelekeo wake ni kaskazini-magharibi, nyuzi kama 328. Kilomita 7 zilizozidi zimekwenda wapi? Zimo katika njia: vilima vya kuzunguka, vijito vya kutafutia kivuko, mashamba ya watu. Dira inakupa zile 35. Mguu unatembea zile 42. Hapo nilisimama nikafikiri sana, maana tofauti hiyo ya kilomita 7 ndiyo yote ambayo dira haiijui.

Miaka 33 baadaye, Oktoba 1967, mtoto yule akiwa Rais alitembea tena kwa miguu, safari hii kutoka Butiama hadi Mwanza, maili 138, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ukitaka kwenda Mwanza kutoka huku huikwepi Bunda. Kwa mstari wa dira, Mwanza iko kusini-magharibi ya Butiama, lakini mstari huo ungemtumbukiza Mwalimu katika Ghuba ya Speke. Ilimpasa kushuka kusini kwanza, alizunguke ziwa kwa mashariki yake, ndipo apinde. Hata Rais wa nchi halimpishi ziwa.

Sasa tuingie ndani ya simu. Mimi nilidhani mna kisindano kidogo kama cha dira ya shuleni. Kumbe hamna. Mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele, na msingi wake ni ugunduzi wa zamani. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall alipitisha umeme katika bati jembamba la dhahabu, kisha akalisogezea sumaku. Aliona kwamba sumaku inausukuma umeme upande mmoja wa bati, hata kukawa na tofauti ndogo ya umeme kati ya ukingo huu na ule. Ukiipima tofauti hiyo umeijua nguvu ya sumaku. Simu nyingi hutumia kanuni hiyo, na nyingine hutumia vyuma vinavyobadili ukinzani wake vikiguswa na sumaku. Vipimo vimewekwa vitatu: kimoja cha kushoto na kulia, kimoja cha mbele na nyuma, kimoja cha juu na chini. Simu inavijumlisha na kujua sumaku ya dunia inatoka wapi. Simu ya HTC Dream ya mwaka 2008 ilikuwa nayo, na iPhone 3GS ya mwaka 2009 ikaifuata. Baada ya hapo ikaenea. Ila simu nyingi za bei ya chini hadi leo hazina chipu hiyo, kwa hiyo mwenye nayo ahakikishe kabla hajaanza kutamba.

Sumaku ya dunia ni dhaifu. Hapa Mara ni kama maikrotesla 33, wakati kasumaku kalichomo kwenye spika ya simu yenyewe kana nguvu maelfu ya mara ukikakaribia. Tena mstari wake haulali chini. Huku kwetu unainuka kuelekea kaskazini kwa nyuzi zaidi ya 20. Dira ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, ukiileta huku, sindano yake huinama na kukwaruza kioo. Simu haina tatizo hilo, sindano yake ni picha tu. Lakini ina kazi ya kujua yenyewe imelalaje mkononi mwako. Kazi hiyo hufanywa na kipimo kingine kinachohisi uzito, yaani chini ni wapi, na mara nyingi kipo cha tatu kinachohisi mzunguko ili picha isitikisike ovyo. Na kile kitendo cha kuzungusha simu hewani kuchora namba nane si uchawi. Unaipa nafasi ya kujipima pande zote, ili ijue sumaku ipi ni ya kwake inayozunguka nayo, na ipi ni ya dunia inayobaki mahali pake. Ikishajua, ya kwake inaitoa.

Yote hayo hayahitaji vocha wala mnara. Dira ya simu inafanya kazi katikati ya ziwa ambako mtandao umekufa. Hali kadhalika kipokeo cha GPS hupokea saa na mahali kutoka kwenye setelaiti bila intaneti, ingawa bila mtandao huchelewa kidogo kujipata mwanzoni. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua ukiwa bado mjini. Lakini vitu hivi viwili watu wanavichanganya. GPS inajua uko wapi; ukiwa umesimama haijui umeelekea wapi. Dira inajua umeelekea wapi, lakini haijui uko wapi. Mtu mwenye kimoja tu ana nusu ya habari.

Niliichukua simu ya kuazima nikaenda kuijaribu. Pale Musoma ufukweni, mbali na magari, ilikubaliana na jua linapotua. Bunda, stendi, nikaiweka juu ya tangi la pikipiki ya bodaboda mmoja: kaskazini ikahama papo hapo kama mtu aliyeitwa jina. Nikaiinua, ikarudi taratibu. Mwenye pikipiki akasema, "Kumbe na yenyewe inadanganyika!" Butiama, juu ya yale majabali, ilitulia vizuri. Lakini nilipouliza zaidi nikaambiwa nisishangilie. Mkoa wetu umo katika ukanda wa miamba ya kale wa Musoma na Mara, ule ule wenye dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, na ndani yake mna miamba ya tabaka za chuma. Miamba ya namna hiyo inaweza kuvuta sindano ya dira yoyote, ya mbao au ya simu. Wataalamu wameugeuza udhaifu huo kuwa chombo: kati ya 1977 na 1980 ndege zilipima usumaku wa nchi nzima kutoka angani, na ramani zake hutumika hadi leo kutafuta madini. Kwa hiyo mahali dira inapodanganywa, mwenye madini anafurahi. Msafiri ndiye anayepotea.

Sasa nalirudia lile neno la Shen Kuo, "kando kidogo". Ncha ya sumaku ya kaskazini si ncha ya dunia, na tena haitulii. Mwaka 1831 James Clark Ross aliikuta kaskazini ya Kanada. Leo imehamia Bahari ya Aktiki ikielekea upande wa Siberia. Stanley alipopita hapa mwaka 1875 sindano yake ilikuwa imepinda nyuzi kadhaa magharibi ya kaskazini halisi. Leo hapa Mara imepinda mashariki, kwa kama nyuzi 1 tu. Nahodha wa zamani alilazimika kusahihisha kwa hesabu zake. Simu inasahihisha kimya kimya: inachukua mahali ulipo kutoka GPS, inatazama hesabu ya sumaku ya dunia iliyohifadhiwa ndani yake, inaongeza au kupunguza. Hesabu hiyo hutolewa upya kila miaka 5. Iliyotolewa kwa ajili ya 2015 ilichakaa kabla ya muda wake kwa sababu ncha ilikimbia kuliko ilivyotarajiwa, ikabidi irekebishwe mapema mwaka 2019. Ya 2025 ilitoka Desemba 2024.

Unaona basi, ndugu msomaji. Yule mwenyeji hakufutwa. Amewekwa ndani ya simu, amegeuzwa hesabu, na sisi hatumwoni. Ndiyo maana kijana anasema "sipotei". Anadhani sindano inasema kweli kwa asili yake, kumbe inasema kweli kwa sababu kuna anayeisahihisha. Na huyo wa ndani ya simu anaijua ncha ya dunia. Mwamba wa Majita haujui. Pikipiki uliyoiegemea haijui, wala injini ya mashua yako, wala kifuniko cha simu chenye sumaku ulichonunua sokoni.

Hesabu kidogo itakuonyesha gharama. Dira ikikosea nyuzi 10, jambo ambalo kwa simu isiyopimwa ni la kawaida, mtu aliye kilomita 10 kutoka ufukweni atatua karibu kilomita 2 kando. Mchana hilo ni kutembea. Usiku wenye mawimbi, mafuta yakiwa yamekwisha, kilomita 2 kando zinaweza kuwa miamba badala ya mchanga. Ziwa letu limekwisha kuzika watu wengi, na wengi wao hawakuwa wajinga wa maji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa pande mbili. Mwenye simu aitumie, tena aitumie vizuri: aizungushe namba nane kila anapoanza safari, aiweke mbele ya mashua mbali na injini na betri, aifunge kwenye nailoni isilowe, aweke alama ya mwalo wake kwenye ramani kabla ya kuondoka, na akishakuwa katika mwendo alinganishe dira na njia ya GPS. Vikipishana ajue ama chuma kiko karibu, ama upepo unamsukuma ubavuni wakati yeye anadhani anakwenda mbele. Juu ya hayo awe na dira ndogo ya sindano mfukoni, maana hiyo haiishiwi chaji.

Upande wa pili ndio unaonikosesha usingizi. Wazee wanaojua mabega ya Mlima Majita, miamba iliyojificha, na upepo wa saa ngapi unageuka wapi, wanaondoka mmoja mmoja. Elimu yao haimo katika chipu yoyote na haitashuka na hesabu mpya kila miaka 5. Tuna madaftari, na simu hizi hizi zina kinasa sauti. Kila mwalo wa Musoma, kila kijiji cha Bunda na Butiama kingeweza kuwa na daftari moja la majina: jiwe hili linaitwaje, kivuko kile hupitika mwezi gani, ukiwa kisiwani nyumba ya nani huonekana kwanza. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina.

Mimi nimeanza na kurasa 14, za yule babu wa Mwigobero na wenzake wawili. Mvuvi wa riwaya yangu bado yuko majini. Sasa namjua anachofanya: ametoa simu, ameitazama, ameirudisha mfukoni, halafu amegeuza shavu polepole hadi upepo ukamjia usoni barabara. Viwili hivyo vimekubaliana. Amechukua kasia.